Simu Yaijua Njia, Haijui Shimo

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Kwa mtu mwenye macho methali hiyo haina dosari: akipunguza mwendo ataliona jiwe kabla halijamkwaza. Lakini kwa mtu asiyeona, upole wa mwendo hautoshi. Anaweza kwenda hatua kwa hatua, fimbo yake nyeupe ikigusa ardhi kulia na kushoto, na bado akatumbukia katika mtaro uliochimbwa jana jioni na kuachwa wazi bila hata tawi la kuonya. Kosa hapo si la mwendo wake. Kosa ni la njia, na njia ni mali ya watu wote.

Jambo hili linastahili kufikiriwa upya siku hizi, kwa sababu kipofu amepata msaidizi ambaye babu yake hakuwa naye. Simu ya mkononi, ile ile inayopeleka salamu na kutuma pesa, ina uwezo wa kujua mahali ilipo juu ya uso wa dunia na kulitamka jina la mahali hapo kwa sauti. Mtu asiyeona aweza kuiuliza njia ya kwenda hospitali, nayo ikamwambia aende mbele mita 200 kisha apinde kulia. Kazi hiyo hufanywa kwa msaada wa mfumo wa setilaiti unaojulikana kwa herufi tatu, GPS. Basi swali limezuka katika nyumba nyingi: ikiwa simu inaijua njia, je, kipofu bado anahitaji kushikwa mkono?

MTOTO MWENYE KUSHIKA FIMBO

Swali hilo si la mchezo, kwani aghalabu anayemshika kipofu mkono ni mtoto. Mtoto hutangulia mbele ameshika ncha moja ya fimbo, na mzee humfuata nyuma ameshika ncha ya pili. Picha hiyo inajulikana kotekote Afrika, hata Shirika la Afya Duniani likaweka sanamu ya namna hiyo kwenye makao yake makuu mjini Geneva, iwe kumbukumbu ya vita dhidi ya usubi, yaani upofu wa mtoni.

Mashariki ya Uganda iliujua ugonjwa huo. Karibu na Jinja, ambako Mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria, inzi wadogo weusi walizaliana katika maji yaendayo kasi, hata katika miaka ya 1950 dawa ya DDT ikamiminwa mtoni ili kuwaangamiza. Katika miteremko ya Mlima Elgon, juu ya mji wa Mbale, ugonjwa ulidumu miaka mingi zaidi. Mwaka 2007 serikali ilikusudia kuung'oa nchini kote kwa kugawa dawa ya ivermectin mara mbili kwa mwaka pamoja na kuwaua inzi wenyewe, na huko Elgon maambukizo yamekatwa. Hata hivyo macho huharibika kwa sababu nyingine nyingi: mtoto wa jicho, presha ya jicho, uzee, ajali, na kwa askari, mlipuko.

Mtoto anayemwongoza babu yake anatenda wema, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini saa ya kumpeleka babu zahanati ndiyo saa ya somo la hesabu. Siku moja ya kukosa shule huwa mbili, mbili huwa wiki, na mwisho mtoto huonekana kana kwamba amezaliwa awe macho ya mtu mwingine. Naye babu, mtu aliyelima, aliyejenga, pengine aliyevaa gwanda na kulinda mpaka, hana budi kungoja mpaka mjukuu apatikane ndipo aende kunyoa ndevu. Hapo wawili wanafungwa kwa kamba moja. Ndiyo maana kila mzee asiyeona anayeweza kutoka mwenyewe na kurudi salama huwaweka huru watu wawili kwa mara moja.

VIFAA VILIVYOTOKA JESHINI

Huenda askari wengi hawajui kwamba vifaa viwili anavyotegemea msafiri asiyeona vina asili yake, au sehemu ya asili yake, jeshini. Cha kwanza ni fimbo. Fimbo ya kipofu ni ya kale, lakini rangi nyeupe inasimuliwa kuwa ilianzia Bristol, Uingereza, ambako mpiga picha James Biggs alipofuka kwa ajali, na mwaka 1921 akaipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Namna ya kuitumia fimbo ndefu kwa kuipeleka kulia na kushoto mbele ya miguu ilitengenezwa katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge huko Marekani. Mwaka 1944 Sajini Richard Hoover aliona kwamba askari waliopofuka vitani walipewa fimbo fupi za kuegemea, ilhali miguu yao ilikuwa mizima; walichohitaji ni fimbo ya kupelelezea. Akairefusha fimbo, akaipunguzia uzito, na akaweka kanuni: mguu wa kushoto unapotangulia, ncha ya fimbo iwe kulia, mahali ambapo mguu wa pili utakanyaga. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio, na Rais Lyndon Johnson akaitangaza tarehe 15 Oktoba kuwa siku ya fimbo nyeupe, siku ambayo sasa inaadhimishwa katika nchi nyingi.

Cha pili ni hiyo GPS. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliianza kazi hiyo mwaka 1973, setilaiti ya kwanza ikarushwa mwezi Februari 1978, na mfumo mzima ukakamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huizunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na kila moja imebeba saa zisizo na kifani kwa usahihi. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, hupima jinsi kila wimbi lilivyochelewa njiani, kisha hukokotoa mahali ilipo. Saa zisipokuwa sahihi mambo huharibika mara moja, kwani kosa la sehemu moja tu ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Kwa muda mrefu raia walipewa mawimbi yaliyotiwa kasoro makusudi, yaliyoweza kukosea hata mita 100. Kasoro hiyo iliondolewa mwezi Mei 2000 kwa amri ya Rais Bill Clinton. Leo simu ya kawaida, chini ya anga iliyo wazi, hukosea kwa mita 5 hivi. Kupokea mawimbi hayo hakulipiwi hata senti moja. Kinachogharimu ni kuipakua ramani.

Wazo la kuwaongozea vipofu kwa setilaiti halikuchelewa. Profesa Reginald Golledge, mwanajiografia aliyezaliwa Australia na kufundisha katika Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, alipofuka mwaka 1984. Mtu aliyefundisha wengine habari za mahali na njia alijikuta hana njia yake mwenyewe. Pamoja na wenzake Jack Loomis na Roberta Klatzky alitengeneza chombo kilichobebwa mgongoni mfano wa shanta la askari, kompyuta na betri ndani yake, kikazungumza na mbebaji kupitia masikioni. Mzigo huo sasa umeingia mfukoni. Tangu mwaka 2009 simu za iPhone na zile za Android zina sauti ya kumsomea asiyeona yaliyo kwenye kioo, na mwaka 2012 ilitokea Finland programu iitwayo BlindSquare inayomtajia msafiri njia panda na maduka anayoyapita. Programu nyingine, Soundscape ya kampuni ya Microsoft, ilitolewa mwaka 2018 na huduma yake ikafungwa mwaka 2023. Kufungwa kwake ni funzo: asiyeona asiitegemee programu moja kama nguzo ya pekee ya nyumba.

JINJA, MJI WA MISTARI ILIYONYOOKA

Ili kuupima msaada wa chombo hiki, msomaji na amfikirie msafiri mmoja asiyeona, mzee mstaafu, anayetoka nyumbani Jinja kwenda kumtazama binti yake Mbale. Amebeba fimbo nyeupe mkono wa kulia, simu imo katika mfuko wa shati, na spika ndogo imo katika sikio moja tu. Sikio la pili ameliacha wazi kwa ajili ya dunia.

Mji wa Jinja una hisani kwa mtu wa namna hii. Katikati yake barabara zimepangwa kwa mistari iliyonyooka na kukatana kwa pembe za sawasawa, na maduka ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi yana baraza zilizoezekwa. Sauti ya fimbo chini ya paa la baraza husikika tofauti na sauti yake mahali pa wazi. Kwa hiyo mzee anajua kwa sikio lini duka limekwisha na uchochoro umeanza. Akikuta njia imezibwa kwa ujenzi, haimpasi kurudi nyumbani. Anapinda kulia, anakwenda urefu wa jengo, anapinda kushoto, kisha kushoto tena, na ameshaizunguka ile sehemu iliyozibwa. Simu humsaidia sana katika mzunguko huo, kwani mtu aliyepinda mara tatu gizani hupoteza mwelekeo, nayo simu haijali giza.

Lakini simu ina ukaidi wake. Haikuambiwa kuwa njia imezibwa. Ramani iliyomo ndani yake imechorwa siku nyingi. Kwa hiyo itashikilia kumwambia mzee ageuke nyuma na kulirudia lile shimo aliloliepuka. Msafiri mwenye uzoefu haigombezi. Huchagua mahali pengine palipo mbele ya kizuizi, labda soko au kanisa, akaiamuru simu impeleke huko kwanza, na akifika ndipo hutaja mwisho wa safari. Hivyo ndivyo kamanda anavyofanya anapokuta daraja limevunjwa: habadilishi shabaha, hubadilisha kituo cha kati.

Ramani iliyochakaa huweza hata kuchekesha. Daraja jipya la Chanzo cha Nile hapo Jinja, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Kabla ya hapo magari yalivuka juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale na ambalo lilifunguliwa mwaka 1954. Ramani ya kabla ya mwaka 2018 ikiwekwa katika simu ya msafiri aliye juu ya daraja jipya, itamwonyesha kuwa yumo mtoni, anaelea juu ya maji. Mwenye macho atacheka na kuendelea. Asiyeona atashikwa na wasiwasi, maana yeye hana kitu cha kuisahihisha simu isipokuwa akili yake na neno la mwenzake.

NDANI YA TEKSI

Safari kutoka mji hadi mji ndiyo mahali ambapo simu humpa kipofu heshima kubwa zaidi. Zamani abiria asiyeona alikuwa mikononi mwa kondakta. Kondakta akisahau, abiria alipitishwa kituo chake. Kondakta akidanganya, abiria aliteremshwa porini na kuambiwa kuwa amefika. Leo simu inamnong'oneza mzee kwamba Iganga imepita, kwamba gari limeiacha barabara kuu pale Nakalama, kwamba Namutumba iko karibu, kisha Tirinyi, kisha Budaka.

Tena kuna siku ambazo gari hulazimika kubadili njia, ama kwa maji yaliyoifunika barabara, ama kwa ajali, na dereva akazunguka kwa Bugiri na Tororo. Abiria wenye macho huona vibao. Mzee husikia simu ikitaja Bugiri mahali ambapo alitazamia Namutumba. Hapo hainui sauti wala haingiwi na hofu. Huuliza tu: "Mwanangu kondakta, naona leo tumeshika njia ya Tororo. Kuna nini huko Tirinyi?" Swali hilo dogo hubadilisha mambo. Kondakta anatambua kuwa huyu si mzigo uliowekwa kitini, bali ni abiria anayejua aendako.

MBALE, NA MTO USIOZUNGUKWA

Mbale ni mji wa namna nyingine. Uko chini ya genge la Wanale, na maji ya mlima hushuka kuupitia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, watu zaidi ya 20 wakafa, na nyumba, barabara na mabomba ya maji vikaharibika. Baada ya msiba wa namna hiyo ramani zote huwa zimepitwa na wakati kwa usiku mmoja. Simu bado inasema hapa kuna njia, ilhali njia imekwenda na maji.

Hapa hila ya Jinja haifai. Jengo huzungukwa, mto hauzungukwi. Daraja likiharibika, kivuko kinachofuata kinaweza kuwa mbali, na ukingo uliomegwa na maji hauna onyo. Hapa ndipo unapoonekana upungufu mkubwa wa chombo hiki. Kukosea mita 5 si kitu kwa meli baharini au ndege angani. Lakini mtaro wa maji una upana wa mita moja, na ukingo wa daraja hauna hata nusu mita. Simu inaweza kumwambia mzee kuwa yuko barabarani ilhali yuko pembeni, hatua tatu kutoka mtoni. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya msafiri asiyeona ni hii: simu inapotofautiana na fimbo, fimbo ndiyo inayosema kweli. Na fimbo inapokuta pasipo na ardhi, anasimama, anauliza. Kuuliza njia si ujinga.

KUVUKA BARABARA

Jambo zito kuliko yote ni kuvuka. Simu inajua kuwa hapa barabara mbili zinakutana. Haijui kuwa lori linakuja. Hakuna setilaiti itakayomwambia mzee avuke sasa. Kazi hiyo ni ya masikio, nayo ni kazi ya ustadi. Husimama kwenye ukingo, husikiliza magari yanayotoka kulia, kwa kuwa Uganda magari hushika kushoto, kisha yale ya kushoto. Huyangoja magari yanayokwenda sambamba naye yaanze kuondoka, maana hapo yale yanayomkatiza yamesimama. Kisha huvuka kwa mwendo mmoja bila kusita.

Ugumu wa pili ni kwenda moja kwa moja. Kila askari aliyefanya mwendo wa usiku bila dira anajua jinsi kikosi kinavyoweza kuzunguka na kurudi kilikotoka. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walithibitisha jambo hilo: watu waliofungwa macho walizunguka duara bila kujijua, pengine duara lenye kipenyo cha mita 20 tu. Basi mtu asiyeona anayevuka barabara pana anaweza kupinda kidogo kidogo na kujikuta katikati ya njia panda, akidhani anakaribia ukingo. Simu nayo huchelewa kidogo kutoa habari. Ikisema kwamba amepotoka, magari yameshamzunguka.

Zaidi ya hayo, kuna hatari mpya isiyo na kelele. Jinja ndiyo nyumbani kwa kiwanda cha mabasi ya umeme cha Kiira Motors, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2019 kwa mkono wa National Enterprise Corporation, shirika la uzalishaji mali la jeshi. Mabasi hayo ni fahari ya nchi, nayo hayatoi moshi. Lakini gari la umeme linapokwenda polepole halisikiki, na kwa asiyeona gari lisilosikika ni gari lisilokuwapo. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia Julai 2021 kila gari jipya la umeme litoe sauti linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Ni sharti la kufikiriwa mapema Afrika ya Mashariki pia, hasa kwa vile pikipiki za umeme nazo zinaongezeka.

LUGHA YA KUONYESHA NJIA

Hata lugha inaweza kumpoteza msafiri. Programu nyingi za vipofu huonyesha upande kwa mfano wa uso wa saa, kama askari wafanyavyo: kumi na mbili ni mbele, tatu ni kulia, tisa ni kushoto. Lakini katika Kiswahili, inapokuwa saa tatu, mkono wa saa umeelekea tisa. Mtu akitafsiri neno kwa neno na kumwambia mzee kwamba mlango uko saa tatu, mzee anaweza kugeuka kushoto badala ya kulia. Kwa hiyo ni salama kusema "kulia kwako", "kushoto kwako", "mbele hatua kumi". Na maneno "pale", "kule" na "hapo ng'ambo", yanayosindikizwa na kidole kilichonyooshwa, hayamfai kipofu hata kidogo.

YALIYO JUU YA WATU

Basi jibu la swali la mwanzo linapatikana. Simu imemwondolea kipofu ujinga wa njia, haikumwondolea hatari ya njia. Imemwambia yuko wapi. Haikumwambia kilicho mbele ya mguu wake. Pengo hilo la mita 5 haliwezi kuzibwa na setilaiti. Linazibwa na watu, na kila mmoja ana sehemu yake.

Askari wa usalama barabarani anapoiona fimbo nyeupe ukingoni, asitoshe kwa kunyoosha mkono. Ayasimamishe magari, kisha aseme kwa sauti: "Mzee, magari yamesimama, vuka moja kwa moja." Askari aliye kwenye kizuizi naye akumbuke kwamba asiyeona haoni ishara ya mkono, wala hajui amri ya "Simama!" imeelekezwa kwa nani. Amtaje kwa alama yake: "Mzee mwenye fimbo, simama hapo, mimi ni askari." Pengine kati ya amri hiyo na ile kuna maisha ya mtu. Mzee naye atajibu kwa adabu, "Ndiyo, afande," na safari itaendelea kwa amani.

Mwenye kuchimba mtaro ajue kwamba utepe wa plastiki uliofungwa usawa wa kifua ni onyo la wenye macho peke yao. Fimbo hupita chini yake. Linalomfaa kipofu ni ubao au gogo lililolazwa usawa wa goti kwenda chini, mahali ambapo fimbo italigonga. Kinyume chake, kioo cha lori na bati la kibanda lililotokeza usawa wa kichwa havigunduliwi na fimbo hata kidogo. Muuza duka anayepanga ndoo na majiko barazani, na kijana wa bodaboda anayeegesha pikipiki juu ya njia ya miguu, hawana nia mbaya. Lakini humsukuma mzee ashuke barabarani. Kazi ya bodaboda ilianzia huko huko mashariki, mpakani Busia, kwa kuwapeleka watu kutoka mpaka hadi mpaka. Haitakuwa vigumu kwa wenye kazi hiyo kuiacha wazi njia ya mtembeaji.

Nyumbani nako kuna kazi. Kabla ya mzee kuizoea simu, na aizoee fimbo. Kabla ya kwenda mji wa mbali, na aijue kwanza njia ya kwenda msikitini au kanisani, akifuatana na mtu wa nyumbani anayenyamaza na kutazama tu. Ramani ipakuliwe mapema ili safari isikatwe kwa kuishiwa na data, na betri ijazwe usiku. Simu ihifadhiwe mfukoni, kwa kuwa wezi wanapenda mkono wa mtu asiyewaona. Vijana wanaojua kompyuta wanaweza kuisahihisha ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuongeza ndani yake daraja jipya au kuifuta njia iliyokwenda na maji. Dakika kumi za kijana mmoja wa Mbale zinaweza kumwongoza mgeni asiyemjua.

Na anayetaka kumsaidia kipofu asimkamate na kumburuta. Amsalimu, amwulize kama anahitaji msaada, kisha ampe kiwiko akishike, atangulie nusu hatua. Kiwiko humwambia kipofu kila kitu: njia inapanda, inashuka, inapinda. Akisema hahitaji, aachwe aende zake.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 35, inasema kuwa watu wenye ulemavu wana haki ya heshima na utu. Na katika kifungu cha 29 inampa kila raia uhuru wa kwenda popote nchini. Chama cha Taifa cha Wasioona kimekuwapo tangu mwaka 1970 kuyatetea mambo hayo. Lakini haki ya kwenda popote huanzia kizingitini pa nyumba, na mara nyingi huishia kwenye mtaro wa kwanza. Familia ikisikia kwamba mzee ametumbukia, humzuia kwa upendo. Fimbo huwekwa pembeni, simu hufungwa kabatini, na mtoto huitwa kutoka darasani kuja kushika ncha ya fimbo tena.

Ndiyo maana gogo lililolazwa mbele ya shimo si jambo dogo. Siku mzee atakapofika Mbale mwenyewe, akapokewa na binti yake mlangoni, mjukuu wake wa Jinja atakuwa shuleni, amekaa na wenzake, akimsikiliza mwalimu wa hesabu.